Sikuzima Intaneti ya Kongwa

Kwa kuwa yule bwana ameshatangaza kwenye grupu kwamba "nimezima intaneti ya Kongwa", naomba kurekebisha. Nilizima kadi moja tu ya mtandao, enp3s0, kwenye seva moja ya huko, inayotumia Debian (aina ya Linux). Bahati mbaya seva yenyewe haina kadi nyingine, na mimi nilikuwa Area C, Dodoma mjini, nimeingia kwa SSH, yaani naiendesha kwa mbali, kupitia kadi hiyohiyo.

ethtool, programu ya kukagua kadi, ilikuwa inaonyesha kasi ya megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000. Nikajisemea, nikiizima na kuiwasha itapatana upya na swichi, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao. Nikaandika:

sudo ip link set enp3s0 down

Kidole kikashuka kwenye Enter. (Mnaocheka, subirini kwanza.) Mstari wa pili, ule wa up, nilikuwa nao kichwani tayari. Nikaanza kuuandika. S haikutokea. U haikutokea. Nikabonyeza kwa nguvu, kana kwamba kibodi ndiyo kiziwi. Labda bando limeisha? Nikapingi (kuona kama inaitika) 8.8.8.8, anwani ya Google, inajibu vizuri tu. Nikapingi seva. Kimya. Jasho likaanzia kisogoni, likateremka taratibu. Nimejifungia nje, ufunguo uko mezani, ndani.

Stendi ya Nanenane, gari, Mbande, vumbi, Kongwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, mbona mbio hivyo?" Mlinzi huyo.

Nikachomeka kioo na kibodi, nikaandika up, taa ya kijani ikawaka. Nikashangilia mapema. Anwani ipo, lakini nje haitoki: kadi ikizimwa hivyo, njia zake zote za kupitishia data hufutwa kwenye jedwali, na up peke yake haikurudisha ile ya kutokea. ip route, amri ya kuonyesha jedwali hilo, ilikuwa na mstari mmoja tu, wa mtandao wa ndani. Nikaongeza ile ya kutokea, kupitia ruta:

sudo ip route add default via 192.168.1.1

Ikapumua. Na ile kasi ya 100? Nikaufuata waya ukutani hadi kwenye stuli ya mzee: mguu mmoja umeukanyaga barabara. Kasi ya 1000 inataka jozi zote nne za nyaya, 100 inatosheka na mbili. Hata ningezima kadi mara arobaini, jozi iliyokatika isingeungana.

Mzee akanitazama nikibadilisha waya, kisha akauliza kwa upole:

"Mwanangu, juzi umeme ulikatika, ulivyorudi mashine ikawaka na kila kitu kikaenda. Si ungenipigia nichomoe, nichomeke?"

Jamani. Amri ile ya down haiandikwi kwenye faili lolote. Seva ikiwaka upya inasoma /etc/network/interfaces na kadi inarudi na njia zake zote. Simu ya dakika moja!

Namba ya mzee nimeihifadhi. Siku hizi, kabla ya kugusa kadi ya mbali, natanguliza sudo shutdown -r +5, yaani seva ijiwashe upya baada ya dakika tano; nikiona bado nimo ndani naghairi kwa sudo shutdown -c. Nauli nimejilipia. Na wewe bwana wa grupu, hilo jina la "Mzee wa Down" liondoe leo kabla mama watoto hajaliona.