Mbegu Chotara na Lawama Isiyo Yake

Kwa wakulima wa Mwakirunge na Likoni, Mombasa, na hata kwa sisi tunaonunua mahindi sokoni Kongowea bila kushika jembe, imeenea dhana kwamba mbegu chotara, yaani ile inayopatikana kwa kuzalisha aina mbili tofauti za mahindi, hutiwa kitu kiwandani ili isirudiwe msimu wa pili. Mkulima akiweka akiba ya punje za mavuno yake na kuzipanda masika yanayofuata, huota mimea isiyolingana, mirefu kwa mifupi, na mavuno hupungua. Wauza mbegu wana makosa yao, bei ikiwa ya kwanza, lakini kwa hili naona wanasingiziwa, kwa kuwa sababu imo katika urithi wa mahindi yenyewe.

Mahindi kwa asili huzaana kwa kuchanganyika: upepo huchukua chavua kutoka mbelewele ya mmea mmoja na kuifikisha kwenye ndevu za mwingine. Kila mmea hubeba nakala mbili za kila jeni, yaani chembe ya urithi, ya mama na ya baba, na nakala mbovu hujificha nyuma ya iliyo nzima. Mtaalamu wa mimea George Harrison Shull, huko Cold Spring Harbor nchini Marekani, aliilazimisha mimea kujichavusha yenyewe kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1908 akaeleza alichokiona: kila ukoo ulidhoofika huku mimea yake ikizidi kufanana, lakini koo mbili dhaifu zilipokutanishwa, watoto walirudi na nguvu. Mwaka 1914 akalipa jambo hilo jina la heterosisi.

Wataalamu wamebishana tangu hapo. Wapo waliosema kwamba tofauti ya nakala mbili ndiyo yenyewe inayoleta nguvu. Wengine wakasema kwamba kila mzazi huziba tu upungufu wa mwenzake. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili. Mmoja wao, Donald F. Jones, alieleza mwaka 1917 kwamba jeni njema na mbovu huwa zimefungamana kwenye kromosomu moja, yaani uzi mmoja unaobeba jeni, ndiyo maana ni vigumu kuzikusanya njema zote katika ukoo mmoja. Na mfungamano huo, kwa kuwa jeni kadhaa hurithiwa pamoja kana kwamba ni moja, waweza kutudanganya tukadhani tofauti ndiyo dawa. Koo mbili mashuhuri za mahindi, B73 na Mo17, zilipolinganishwa, zilionekana kutofautiana hata katika kuwapo kwa baadhi ya jeni, kwa hiyo mmoja aweza kuleta jeni ambayo mwenzake hana. Tena koo safi za leo, yaani zilizojichavusha zenyewe kwa vizazi vingi, huzaa vizuri kuliko za enzi za Shull, jambo ambalo lingekuwa gumu kama nguvu ingetoka kwenye tofauti peke yake.

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Chotara wa koo mbili safi wakizaana wenyewe kwa wenyewe, kwa wastani nusu ya jeni zilizokuwa na nakala mbili tofauti hubaki na nakala zinazofanana, na mbovu zilizokuwa zimesitirika zikaanza kujidhihirisha. Hasara haiwi sawa kwa kila chotara, na hili halisemwi vya kutosha. Mbegu chotara H611 ya Kitale, Kenya, iliyotolewa mwaka 1964, ilizaliwa na Kitale Synthetic II na Ecuador 573, ambazo ni jamii pana, si koo zilizodhoofishwa kwa kujichavusha. Kurudia mbegu ya namna hiyo hakuangushi mavuno kama kurudia chotara wa koo mbili safi.

Ndiyo sababu sipendi kuiona Coast Composite, mbegu ya Pwani ya mwaka 1974, ikihesabiwa kuwa ya maskini kwa vile tu Pwani Hybrid ilikuja baadaye. Ni mchanganyiko wa wazazi wengi wanaochavushana kwa uhuru, kwa hiyo hudumisha sehemu ya nguvu hiyo mwaka hadi mwaka, mradi mkulima achague mbegu kutoka magunzi mengi yaliyo katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani. Akichukua magunzi mawili matatu yaliyompendeza, ndugu watazaana na ndugu, na udhaifu aliouona Shull utaanza kujitokeza shambani mwake, ingawa mbegu hiyo haikununuliwa dukani.