Funo akiisha, mti unapandwa na nani?

Tanzi la waya halihitaji mtaji. Waya wa breki wa baiskeli iliyochakaa, mti mchanga uliopindwa kama upinde, na vijiti vilivyochomekwa kandokando ya kijia ili mnyama asiwe na pa kupita isipokuwa kwenye kitanzi. Mwenye kuijua kazi hutega makumi kwa asubuhi moja, kisha anarudi shambani kwake. Tanzi linabaki likimwindia usiku na mchana, na wala halichagui: funo, yule paa mdogo wa msituni, nguruwe pori, ngawa, minde ambaye ni jamaa mkubwa wa funo, hata mtoto wa chui.

Mwaka 1992 mwanaikolojia wa Marekani, Kent Redford, aliandika makala iliyowaachia watafiti msemo wa "msitu mtupu". Miti imesimama, picha ya setilaiti ni kijani kitupu, lakini ndani hapiti mnyama. Alionya kwamba tusiridhike na miti kusimama, kwa sababu msitu ulioishiwa wanyama wakubwa umeshapoteza kazi zake nyingi. Leo onyo hilo linarudiwa kana kwamba limethibitika kila mahali na kwa kila kiumbe. Naona lina ukweli mzito, ila uzito wake haulingani kwa funo, tembo na mbega, na sheria zetu za uwindaji hazijajali sana tofauti hiyo.

Sehemu kubwa ya miti ya misitu ya tropiki husafirishiwa mbegu na wanyama. Nyama ya tunda ni nauli na mbegu ndiyo abiria. Mbegu inayodondoka chini ya mama yake inakuta kivuli, wadudu na kuvu waliokwisha kufanya maskani pale, na wengi wa miche hiyo hawafiki popote. Mbegu ndogo haina shida ya usafiri: kuna popo, komba na kila aina ya ndege. Mbegu kubwa ndiyo yenye taabu, kwa kuwa koo za kuimeza ni chache, na wenye koo hizo, hondohondo na tembo kwa mfano, ndio wanaoonekana kwa urahisi na kuzaa polepole.

Mfano ulio wazi uko Kibale, magharibi mwa Uganda. Kuna mti uitwao Balanites wilsoniana, ndugu wa mjunju wa nyikani, ambao tunda lake ni kubwa kiasi kwamba tembo ndiye anayelimeza zima. Mbegu iliyopita tumboni mwake huota vizuri kuliko isiyopita, tena inaota mbali, juu ya bonge la kinyesi ambalo ni samadi tosha. Katika misitu iliyokwisha tembo, miche ya mti huo hujibana chini ya mama yake. Msitu hauanguki kesho, maana mti mkubwa huweza kuishi miaka mamia. Ndiyo maana hasara hii haimshtui mtu: waliopandwa na tembo wa zamani bado wamesimama, na anayewatazama anadhani mambo ni shwari.

Takwimu nazo ni za kutisha. Mwaka 2017 watafiti waliounganisha tafiti nyingi za tropiki walikuta kwamba panapowindwa, mamalia wamepungua kwa 83% na ndege kwa 58% kuliko pasipowindwa. Athari kwa mamalia ilifika kilomita 40 hivi kutoka barabara na makazi, kwa ndege kilomita 7. Sasa pima hapa kwetu Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ina kilomita za mraba 1,990. Hata ungesimama katikati yake, usingekuwa kilomita 40 kutoka mpakani. Kwa hesabu hiyo ingepaswa kuwa tupu. Lakini msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi hiyo na juu kabisa ya vijiji na mashamba ya miwa ya Kilombero, bado una wanyama, kwa sababu una askari. Umbali unaeleza mengi, ila usimamizi unaweza kuupindua.

Kusini mwa milima hiyohiyo uko msitu wa Uzungwa Scarp, uliokaa miaka mingi bila ulinzi wa maana. Huko mbega walikaribia kuisha, pamoja na mbega mwekundu wa Udzungwa asiyepatikana popote duniani nje ya milima hiyo na bonde lake. Hapo ndipo hoja ya msitu mtupu inapoanza kuchechemea, nami sioni sababu ya kulificha hilo. Mbega ni mla majani, na mbegu akizipata huzitafuna. Si mpanzi. Kima, anayejaza matunda mashavuni na kutema mbegu mbali na mti, alistahimili zaidi katika msitu huohuo. Kwa hiyo kuangamia kwa mbega ni msiba kwa mbega, na hiyo inatosha kabisa kuwa sababu ya kumlinda. Lakini anayesema miti ya pale itakosa wapandaji kwa sababu mbega wamekwisha anawabebesha kazi isiyo yao.

Hesabu ya kaboni, ile ambayo msitu huihifadhi ndani ya miti yake, nayo haina jibu moja. Kwa misitu ya Afrika ya Kati, utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba tembo wakitoweka kabisa, uzito wa miti iliyo juu ya ardhi ungepungua kwa 7%, kwa kuwa tembo hukanyaga na kuvunja miti myembamba, na kuipa nafasi ile inayokua polepole yenye mbao nzito. (Wachumi wa IMF wakaenda mbali zaidi, wakampigia tembo mmoja wa msituni bei ya zaidi ya dola milioni 1.7. Sijui mkulima ambaye tembo amelala kwenye mahindi yake aicheke bei hiyo au aililie.) Ila Kusini Mashariki mwa Asia, ambako miti mikubwa mingi hupeperushiwa mbegu na upepo, kupotea kwa wanyama hakuonyeshi kupunguza kaboni kwa namna hiyo. Huko Lambir, Sarawak, nchini Malaysia, baada ya wanyama kuwindwa sana, miti michanga iliongezeka; kilichopungua ni wingi wa aina zake. Ukipima kwa mizani ya kaboni peke yake, utasema msitu umenufaika.

Kisha kuna sufuria. Utafiti uliofanywa Madagaska na kuchapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba watoto wenye upungufu wa damu wangeongezeka kwa 29% iwapo kaya zingenyimwa nyamapori bila kupewa kitu badala yake. Ndipo ninapopata kigugumizi ninaposikia marufuku ya jumla. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na matanzi hayajakoma katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Tanzania mwaka 2020 ilitunga kanuni za mabucha ya nyamapori, hatua ninayoiunga mkono, ingawa bucha la mjini halimfikii anayekaa pembezoni mwa msitu na kutega kwa ajili ya kitoweo cha leo.

Ningekuwa naandika sheria, ningetenganisha. Panya buku, yuleyule anayefundishwa Morogoro kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na ndezi huzaa haraka, na nisingehangaika na anayewala. Panya buku hufukia mbegu na kusahau baadhi, kwa hiyo naye ni mpanzi, lakini ni mpanzi anayerudi upesi. Nguvu zote ningezielekeza kwa wanaozaa polepole: tembo, hondohondo, minde. Tembo hasa, kwa maana wa misitu ya Afrika ya Kati walipungua kwa takribani 62% kati ya 2002 na 2011, na aliyewaua hakuwa akitafuta mboga, alitafuta pembe.

Kinachoniharibia mpango huu ni ule waya wa breki. Bunduki inaweza kuambiwa imwache minde imchukue ndezi. Tanzi haliambiwi. Kwa hiyo kuruhusu wanyama wadogo maana yake ni kuruhusu mtego mwingine, ule wa kuwachimba au kuwafungia hai, na kuliondoa tanzi kabisa. Na ili liondoke bila vita, kuku wa kijijini inabidi wapone. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinafagia banda zima kwa wiki moja, na mwenye banda akibaki na manyoya matupu, jioni anakumbuka kijia cha funo. Chanjo yake, iitwayo I-2, ipo, inavumilia joto, na haina haja ya sindano wala daktari: tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, kisha unarudia baada ya miezi mitatu au minne.