Pedi za Mjomba na Matarumbeta ya Watu

Mjomba wangu ana msimamo wake kuhusu breki pedi na aliutangaza pale Gerezani, Kariakoo, mbele ya muuza spea bila hata kushusha sauti: "Kitu chenyewe kazi yake ni kulika, sasa unakinunulia cha bei ya nini?"

Muuza duka akakosa jibu. Alikuwa katuwekea maboksi mawili kaunta, yote pedi za mbele za Toyota IST, gari la Mjomba, moja 18,000 lingine 70,000. Nikazitoa nikazigeuza. Ya 70,000 mgongoni ina kile kibati chembamba, shimu, na pembeni namba zimegongwa vizuri zinasomeka. Ya 18,000 mgongo mtupu, umepakwa rangi nyeusi tu, tena rangi yenyewe ikanibaki kidoleni. Nikamwonyesha Mjomba kidole. Akaniambia "futa".

Basi. Mie kwenye lile gari ni dereva, mwenye kadi ni yeye.

Mwanzoni zikakaa kimya, na Mjomba akawa kila anayekutana naye kijiweni anamsimulia alivyookoa 52,000. Halafu zikaanza kulia. Kwanza asubuhi tu, baadaye kila tuta, kila foleni, kiiiiiii, mbwa wa Tabata nzima wakawa wananijua. Mjomba akasema zinazoea diski. Fundi akazipiga msasa, zikanyamaza mpaka barabara kuu, zikaendelea.

Sasa ikafika harusi ya binamu yangu, yaani binti wa huyo huyo Mjomba. Msafara unatoka kanisani Tabata kwenda ukumbini Mwenge, mbele kirikuu la matarumbeta, nyuma yake gari la maharusi, halafu sisi, Mjomba kiti cha mbele na suti yake ya kijivu, shangazi wawili nyuma. Foleni ya Mandela mnaijua wenyewe, unasogea unasimama, unasogea unasimama, na kila nikisimama kiiiiiii, ndefu, inapanda juu kuliko wimbo. Nikamwona kiongozi wa matarumbeta anageuka anawaangalia vijana wake mmoja mmoja. Tukasimama tena, kiiiiiii. Jamaa akakata wimbo katikati, akamnyooshea kidole kijana mmoja mwembamba wa tarumbeta refu, anamfokea, na yule mtoto wa watu anaapa kabisa, anaonyesha mdomo wake haujagusa chombo! Shangazi zangu wao walishajua sauti inatokea wapi, wakaamua kuifunika kwa vigelegele, kwa hiyo nikikanyaga breki tu wanapiga, na magari ya nyuma yakawa yanaitikia. Msafara ukachangamka kuliko ilivyopangwa.

Mjomba kimya. Anaangalia nje dirishani.

Tukapanda flaiova ya Ubungo, tukaanza kushuka upande wa Mwenge, nakanyaga breki, sauti haipo. Nikashukuru Mungu kama sekunde moja hivi. Maana ilifuata kwaruuuu, chuma kwa chuma, pedali inatetemeka mguuni na gari haina haraka ya kusimama. Nikavuta hendibreki. Tulisimama, sema tulisimamia kwenye bampa la maharusi, taratibu tu, hakuna kilichopasuka, ila lile ua kubwa la utepe lililofungwa nyuma yao liling'ang'ania kwenye shoo yetu. Kuanzia pale mpaka Mwenge tukawa tunatembea kwa gia nzito na ua puani, watu wa barabarani wanampungia Mjomba, mmoja akapaza sauti "hongera bwana harusi!"

Fundi alipofungua tairi la kushoto alicheka kwanza ndio akaongea. Nyama ya pedi ya ndani yote ilikuwa imebanduka kwenye bati lake, imedondoka huko Mandela, likabaki bati linasaga diski, na diski imechimbika mistari ukipitisha kucha inakwama. Akasema pedi nzuri hulipii ugumu, maana hata hizi zilikuwa ngumu, ndo maana zikalia, unalipia nyama isiyobanduka ikipata moto na inayokamata bila kuila diski. Na IST nyuma haina diski, ni breki za drum, kazi kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na hizo za mbele.

Mjomba akapiga hesabu, diski mbili, pedi za 70,000, ufundi. Akavua miwani, akavaa. Akachukua boksi jipya akahesabu pedi zilizomo, nne.

"Fundi, funga hizi mbili upande huu ulioharibika. Hizi nyingine tuweke akiba."

"Mzee, ukikanyaga gari itavuta upande mmoja, mtaingia mtaroni."

Mjomba akanigeukia mie. "Si usukani upo? Huyu mjomba atakuwa anairudisha."