Mnaniita Msomi, Nilipeni Basi

Asubuhi mimi ni denti wa uhasibu, mwaka wa pili. Saa kumi jioni ni kijana wa uwakala wa pesa za simu hapa Mwenge, Dar. Katikati ya hapo ni abiria wa mlangoni kwenye daladala, begi la madesa, notisi zangu za chuo, limebanwa na tumbo la mtu nisiyemjua. Kila upande unaamini upande wa pili ndiko ninakopumzikia. Tajiri mwenye kibanda nikimwambia nina testi kesho anasema, "Si unakaa tu kwenye kiti huko?" Mhadhiri akiniona nasinzia anauliza jana nilikesha baa gani. Juzi kanirushia swali la ghafla, nikazinduka na kumjibu, "Mtandao unasumbua mama, jaribu baadaye kidogo." Jina langu sasa analijua.

Mpango wangu ulikuwa kupiga msuli kibandani wateja wakipungua. Hawapungui, wanasubiri nifungue desa. Nikifika tu kwenye mada ya uchakavu wa mali, huyo mzee kaja kutoa elfu mbili, namba ya siri kaisahau, ananitajia zote anazozidhania kwa sauti inayofika mpaka kwa wauza vinyago. Namwambia mzee, hiyo ni siri. "Sasa wewe msomi nitakuficha nini?"

Halafu makato! Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilianza Julai 2021, ikapunguzwa hata mwaka haujaisha, lakini kuna mama mpaka leo anataka nimweleze hela yake ilikwenda wapi. Waliopitisha walikuwa Dodoma, mwenye kibanda cha karibu ndiye mimi.

Usiku tunafunga hesabu. Debiti na krediti naziota, ila nikijumlisha keshi na floti, hela ya kazi iliyoko kwenye simu, lazima elfu tatu ipelee. Tajiri anaikata kwenye posho yangu, kisha ananiuliza kwa upole kabisa, "Hivi huko chuo mnafundishwa nini hasa?" Swali zuri. Hata mzee wangu kijijini huwa analiuliza ada ikidaiwa.

Sasa subiri bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, litoke. Chuo kizima kinahamia kibandani. Watu ambao kwenye kazi ya kikundi simu hawapokei, siku hiyo naitwa "mwanangu", "kiongozi", "bosi wangu". Nawahesabia noti mpaka vidole vinakauka, wanaondoka kwenda kula kuku. La kwangu lilishagawanywa kabla halijaingia: kodi ya geto, mama ntilie, na kaka mmoja wa steshenari ambaye amenitolea madesa kwa mkopo tangu muhula uanze. Na huo mkopo wa serikali nikipata ajira nitakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Wakate tu. Kama kuna kitu nimesomea kwa vitendo hapa mjini, ni kukatwa.

Jana saa nne usiku CR, kiongozi wa darasa letu, katuma ujumbe wa sauti kwenye grupu: kipindi cha asubuhi kimehamia saa kumi na moja jioni, muda ambao Mwenge nzima inataka kutoa hela, na kikundi chetu ndicho kinawasilisha. Nikauliza msemaji ni nani. Kumbe wameshanichagua mimi, eti nimezoea kuongea na watu. Sehemu zao wamesema watanitumia, nikiwawekea bando.