Ndiyo, Ile Sauti Ni Yangu

Nimeamka Jumapili nikakuta kundi la kamati ya harusi lina ujumbe 143. Nikafurahi, nikadhani michango imeingia. Kumbe shemeji yangu katuma sauti ya dakika nne, na katikati yake ameniigiza nikipiga yowe ndani ya mgodi. Ameniigiza vizuri, sitakataa. Shangazi yangu aliye Tanga ameisikiliza mara tatu, halafu ameuliza kama nimepelekwa jandoni mara ya pili.

Basi na mimi nieleze. Ya shemeji ina chumvi, ya kwangu ina aibu. Chagueni.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua sikai barazani robo saa bila kutaja kwamba nimekulia kijiji cha makaa ya mawe, karibu na Barnsley, Yorkshire, Uingereza. Mtu akilalamikia baridi, mimi: "Baridi? Sisi watoto wa mgodini!" Mtu akifungua mkate wake, mimi: "Kwetu chakula cha kazini kinaitwa snap, na kopo lake limefinyangwa kwa umbo la slesi ya mkate." Shemeji ameyasikia hayo miaka ishirini. Debe lilikuwa mimi, nakiri.

Na kukulia pale si uongo. Unesi ndio uliomtoa mama Tanga, baba akafuata nyuma. Mama alipofika tu aliwaona wanaume wanashuka kwenye basi, kope zimezungushiwa weusi, akamwandikia bibi barua kwamba Wazungu wa huku wanaume wanapaka wanja. Lilikuwa vumbi la makaa. Hata waoge vipi kwenye mabafu ya mgodi, kwenye kope linabaki. Shuleni wenzangu waliniuliza baba yangu anaogea wapi mpaka kwake vumbi halitoki kabisa. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wakituonea huruma kwa sabuni mbovu.

Jirani yetu alikuwa mchimbaji mstaafu, na watu wa mgodi walipewa makaa ya kuwashia nyumbani. Lori linakuja, linamwaga lundo zima barabarani mbele ya mlango, linaondoka. Kuyaingiza bandani ni juu yako. Mimi na wajukuu zake tulibeba kwa ndoo, nikiwa na shati jeupe la shule, mama yuko dirishani ananitazama kwa jicho lile mnalolijua. Mzee huyo aliniambia kwamba zamani, kabla ya mabafu ya mgodi, mtu alikuwa anaogea kwenye karai la bati mbele ya moto, na wengine mgongo hawaugusi, wanaamini ukioshwa unapungua nguvu. Nikaenda kumpelekea mama elimu hiyo. Usiku ule nilisuguliwa mgongo kwa dodoki mpaka nikaona nyota mchana.

(Kazi ya baba ilikuwa nini? Mtaikuta mbele. Msinisukume.)

Sasa Jumamosi. Shemeji akasema, "Leo tupeleke kwenu, mtoto wa makaa." Akatukatia tiketi, yeye na wanawe wawili na mimi, kwenye mgodi wa zamani uliogeuzwa makumbusho, Yorkshire hukohuko. Wanaotembeza watu ni wachimbaji wa kweli waliostaafu. Kabla ya kushuka unavuliwa kila chenye betri: simu, saa, hata ufunguo wa gari, kwa sababu cheche moja kwenye gesi ya methani inatosha kuwamaliza wote. Unapewa kofia ngumu yenye taa. Nilifarijika simu zilipochukuliwa, nikajua hakutakuwa na video. Sikujua shemeji ana kipaji cha koo.

Kizimba kikatushusha mita 140. Njia nzima mimi ndiye mwalimu. Mzee mtembezaji anaeleza, mimi namkatiza. Anasema farasi, mimi naongeza punda. Anataja mgomo wa wachimbaji wa 1984, mimi nawaambia watu, "Nilikuwepo." Mwanamke mmoja akaanza kuniuliza maswali mimi badala ya mzee! Hapo nikavimba. Akauliza, "Na baba yako alikuwa anachimba?"

Nikajibu, "Palepale kwenye mwamba, makaa yanapokatwa."

Jamani. Sijui nani aliyenituma.

Tukafika kwenye mlango mdogo wa mbao. Mzee akasema kabla ya sheria ya 1842 hapa alikaa mtoto, wengine hawajatimiza hata miaka minane, ameshika kamba. Kazi yake kuvuta mlango magari ya makaa yakipita na kuuachia ujifunge, ili hewa ifuate njia yake. Saa kumi na mbili kwa siku, na mshumaa ni wa kununua, kwa hiyo wengi walikaa gizani. "Tuzime taa," akasema, "muone alichokuwa anakiona."

Zikazimwa moja moja. Yangu ikawa ya mwisho, na niliizima kwa madaha.

Sasa nisikilizeni. Giza mnalolijua ninyi ni la umeme kukatika. Hilo lina nyota, lina jirani mwenye kandili, jicho linazoea. Lile halizoeleki. Niliinua mkono mpaka ukagusa pua yangu mwenyewe na sikuuona. Nikafumba macho, nikafumbua, hakuna tofauti, nikasahau kama nimefumba au nimefumbua. Nikakumbuka kwamba juu yangu kuna mita 140 za mawe. Nikajiambia, tulia, wewe mtoto wa mgodini. Nikasikia maji mahali fulani: to. Kimya. To. Nikayahesabu ili nipate la kufanya. Tone la tatu sikulisikia. La tatu liliingia kwenye kola ya shati, likateremka uti wa mgongo taratibu, baridi, kama kidole cha mtu asiye na haraka.

"MAMA WEEE! NIMESHIKWA!"

Kwa Kiswahili. Wazungu kumi na wawili mle ndani, na mimi nawatangazia kwa Kiswahili. Nikaruka, kofia ikagonga boriti, nikapapasa, nikaupata mkono wa shemeji, nikaukumbatia kifuani kwa mikono yangu miwili. Nikaanza kuomba dua. Na dua iliyonijia, ndugu zangu, katika zote nilizofundishwa chuoni kwa bakora, ni ya kula. Nikaisoma mpaka mwisho. Nikairudia.

Taa zikawaka.

Shemeji alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, mikono yake yote miwili mfukoni.

Nikautazama mkono niliokuwa nao. Mkubwa, mzee, na nyuma yake mistari ya buluu imelala chini ya ngozi kama mtu aliyechorwa kwa kalamu ya wino. Hiyo ni alama ya mchimbaji: ukikatwa kule chini, vumbi la makaa linaingia kwenye jeraha, ngozi inalifunika, unazeeka nalo. Mkono wa mzee mtembezaji. Hakuuvuta. Akaniambia, "Usijali, mpenzi." Watu wa Yorkshire humwita kila mtu mpenzi, mwanamume, mwanamke, hata dereva wa basi, lakini mweleze shemeji yangu hilo.

Ingeishia hapo ningeinywa tu. Ila mzee kwa wema wake akataka kunisahaulisha. "Ulisema baba yako alikuwa mgodi gani?" Nikautaja. Uso wake ukang'aa. "Nimefanya kazi pale miaka kumi na moja! Jina lake nani?"

Nyie, nilitaka taa zizimwe tena.

Nikalitaja jina kwa sauti ya panya. Mzee akakunja uso, akanitazama, halafu akapiga goti lake kofi. "Mpishi! Wa kantini! Baba yako ndiye aliyekuwa akitugawia kastadi!"

Kimya. Kisha mtoto wa shemeji, ana miaka tisa, sauti kama adhana ya alfajiri: "Lakini Anko si alisema alikuwa anakata mwamba?"

Mwanamke wa maswali akarudi kumuuliza mzee.

Mzee lakini hakuwa amemaliza, na hiki ndicho shemeji alichokiruka kwenye sauti yake. Alisema kwenye mgomo ule, kuanzia Machi 1984 mpaka Machi 1985, mshahara hakuna, kulikuwa na jiko la wagomaji kwenye ukumbi wa kijiji, na baba alikwenda kusaidia kupika. Magunia ya viazi yaliletwa kwa msaada. Viazi vya kuchemsha kila siku mpaka watu wakavichukia, ndipo mpishi akaja na viazi vya manjano, vimekaangwa na ganda la unga, ndani pilipili. "Nilibabuka ulimi," mzee akasema, "na kesho yake nikapanga foleni tena." Viazi karai! Nilikuwa na miaka minane, na mimi ndiye niliyekuwa nakoroga unga na bizari mpaka vidole vinabaki vya manjano wiki nzima. Miaka yote hii natamba na mwamba, hilo sijawahi kumsimulia mtu.

Mengine ni mafupi. Tulipanda, nikarudishiwa simu, nikajidai kuna mtu ananipigia mpaka kwenye gari. Njiani hakuna aliyesema neno, ila kila tulipoingia daraja la chini, mtoto yule ananong'ona, "Mama weee."

Kamati ya harusi imekaa jana usiku. Awali nilikuwa nimepangiwa kutoa hotuba ya ukoo. Nimeondolewa. Nimepangiwa viazi karai, magunia mawili, na shemeji ameshachangia taa ya kichwani.