Lenzi ya 600 sio ya kupandia mlima

Mtu akishanogewa na kupiga picha wanyama cha kwanza anachotamani ni lenzi ndefu, ya milimita 600 kabisa (namba ikiwa kubwa ndo inavuta mbali zaidi), ukimuuliza utaitumia wapi anakwambia nataka niwe napanda milima huku napiga picha. Hapo ndo mi nakataa. Kama unakaa kwenye gari Serengeti, lenzi umeilaza kwenye mfuko wa maharage pale dirishani, nunua 600 yako wala sina neno. Ila kwa sisi wa kutembea kwa miguu naona mwisho ni 400, na cha kuangalia kabla ya chochote kingine ni uzito.

Chukua Sigma 150-600 ile Contemporary, ina kilo 1.93. Canon RF 100-400 ina gramu 635. Yaani uzito mara tatu, halafu ulichoongeza ni kutoka 400 kwenda 600, mnyama anakuwa mkubwa mara moja na nusu basi, kitu ambacho ukifika nyumbani ukaikata picha kidogo unakipata.

Tuseme unapanda Meru. Siku ya kwanza unatoka geti la Momella mpaka kambi ya Miriakamba, mita 2,514, kesho yake kambi ya Saddle, mita 3,570. Mtu atasema si kuna wapagazi, ndio wapo, lakini mpagazi anatangulia, anafika kambini wewe bado uko katikati ya msitu unamwangalia mbega karuka juu ya kichwa chako na mkia wake mweupe ule, na lenzi iko kwenye begi lililoondoka kitambo. Lenzi ya mlimani inakaa kifuani mwako, ukiinua mkono unapiga. Na kule mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, mko kundi, huwezi kuwasimamisha watu wote eti unafungua tripodi.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii, msituni wanyama hawako mbali kihivyo, shida ni mwanga. Nenda Udzungwa, mbega wekundu au wale mangabe wa Sanje (aina ya nyani) ambao hawapatikani kwingine duniani, wanaweza kuwa juu ya mti hapo hapo ulipo lakini chini ya majani ni giza, asubuhi ndo usiseme. Hiyo hiyo RF 100-400 niliyoisifia ukiivuta mpaka 400 inakuwa f/8, yaani tundu la kupitisha mwanga linakuwa dogo, utapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka 6400 na kuendelea na bado mnyama akitikisa kichwa picha imevurugika. Ndo maana kwa mtu wa msituni chaguo langu ni Nikon 300 f/4 ile ya PF, gramu 755 tu, na f/4 inaingiza mwanga mara nne ya f/8. Mara nne! Ukiifunga kwenye kamera ya kropu ya Nikon, ile yenye kihisi kidogo, inaona kama 450, unataka nini tena. Haina zumu, ni kweli, twiga akikusogelea sana utapata shingo peke yake, mi naona bora hivyo.

Sehemu za wazi kama Hell's Gate kule Naivasha, unapotembea au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, pale 100-400 ndo mahali pake, mwanga upo wa kutosha. Ila jua likishakuwa kali hata uwe na lenzi ya namna gani mnyama wa mbali atatoka ukungu ukungu, ile hewa ya moto inayocheza juu ya ardhi lenzi ndefu inaikuza nayo, kwa hiyo kama ulitaka 600 kwa ajili ya wanyama wa mbali saa saba mchana, hela yako imepotea.

Na uangalie lenzi inashika fokasi kuanzia umbali gani, watu wanaisahau sana hii. Amani kule Usambara kinyonga yuko kwenye tawi pembeni ya njia, Sigma ile inataka urudi nyuma mita 2.8, nyuma yako ni korongo. RF 100-400 unamsogelea hata chini ya mita moja. Ila haijazibwa dhidi ya maji na Usambara mvua haipigi hodi, kwa hiyo tembea na mfuko wa plastiki.

Bajeti ndogo? Canon 55-250 STM ina gramu 375, Nikon AF-P 70-300 ya kropu yenye VR (inayotuliza mtikisiko wa mkono) gramu 415, msizidharau kabisa hizi, mtu anayetembea nayo siku nzima bila kuchoka atapata picha ambazo mwenye 600 hatazipata kwa sababu yake kaiacha hotelini. Ukinunua ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, hasa iliyokaa Dar, Tanga au Mombasa kwenye unyevu, washa tochi ya simu umulike upande mmoja uchungulie upande wa pili, ukiona vinyuzi vyeupe vimejitandaza ndani ya kioo hiyo ni fangasi, mrudishie mwenyewe hata kama bei imekaa vizuri.