Mvulana Aliyeogopa Farasi: Je, Wasiwasi Una Maana?

Mabishano kuhusu wasiwasi yamedumu kwa zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa yake huzunguka swali moja: mtu anapotetemeka, moyo ukimwenda mbio na usingizi ukimruka bila sababu anayoweza kuitaja, je, nafsi yake inamwambia jambo, au ni mwili tu unaopiga king'ora pasipo moto? Wafuasi wa saikolojia changanuzi, taaluma iliyoasisiwa na Sigmund Freud mjini Vienna mwishoni mwa karne ya 19, hushikilia kwamba wasiwasi una maana, na kwamba maana hiyo hufikiwa kwa mazungumzo marefu. Wapinzani wao husema kwamba kutafuta maana ni kumpotezea mgonjwa muda na fedha ilhali zipo njia fupi zilizopimwa. Msimamo wangu ni kwamba saikolojia changanuzi ilishindwa kila ilipodai kujua chanzo cha hofu ya mtu fulani, lakini swali iliyoliuliza lilikuwa la haki, na waliolifuta hawakulijibu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Freud mwenyewe alianzia upande wa pili. Kabla yake, watu wengi wenye malalamiko ya namna hii waliwekwa katika kapu moja la uchovu wa neva, maradhi ambayo daktari wa Marekani, George Beard, aliyaeneza kwa jina la neurasthenia kuanzia mwaka 1869. Katika makala yake ya mwaka 1895, Freud aliwatenga wagonjwa wa wasiwasi na kundi hilo, akazitaja dalili zao moja moja: mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kukosa pumzi, jasho, kizunguzungu, kuharisha, kushtuka usingizini. Daktari wa leo akiisoma orodha hiyo ataona wagonjwa wake mwenyewe. Kuhusu chanzo, hata hivyo, Freud alidai kwamba ni ashiki ya mwili iliyokosa njia ya kutokea ikageuka kuwa wasiwasi. Nadharia hiyo ilikuwa ya kimwili tupu. Haikuwa na ujumbe uliofichika wala kumbukumbu ya utotoni ya kufukuliwa. Anayedhani kwamba Freud aliona maana katika kila tone la jasho hajausoma mwanzo wake.

Kisa kinachouanika ugumu wa jambo hili ni cha mtoto ambaye Freud alimwita Hans, ambaye jina lake halisi lilikuwa Herbert Graf na ambaye baadaye alikuwa mwongozaji wa maonyesho ya opera. Mwanzoni mwa mwaka 1908, kabla hajatimiza miaka mitano, aliamka akilia kwa sababu usingizini alidhani mama yake ameondoka. Siku chache baadaye, akiwa matembezini na yaya, aliangua kilio njiani akataka arudishwe kwa mama. Kesho yake alitoka na mama mwenyewe, bado akaogopa, na ndipo aliposema kwamba anahofia farasi atamng'ata. Katika jiji ambalo farasi walikuwa kila barabara, hofu hiyo ilikuwa sawa na kifungo cha nyumbani. Tena hakuwaogopa farasi wote kwa kiwango kimoja: waliomtisha zaidi ni waliokokota magari mazito yenye shehena, na wale wenye kitu cheusi kuzunguka mdomo na ngozi ya kuwaziba macho pembeni. Baadaye alieleza kwamba alimwona farasi wa gari la abiria akianguka na kutupatupa miguu, na kwamba hofu yake ilianzia hapo.

Aliyemtibu si Freud. Baba yake, Max Graf, mhakiki wa muziki aliyehudhuria vikao vya Jumatano nyumbani kwa Freud, ndiye aliyemhoji mtoto na kumpelekea Freud taarifa; Freud alikutana na Hans kuhusu tatizo hilo mara moja tu. Siku hiyo alimuuliza kwa utani kama farasi wake huvaa miwani, kisha kama baba yake huvaa miwani, halafu akamweleza kwamba anamwogopa baba kwa sababu anampenda mno mama. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, mtoto alimuuliza baba yake kama profesa yule huzungumza na Mungu, hata akayajua yote hayo mapema. Taarifa ya Freud ilichapishwa mwaka 1909: farasi alisimama mahali pa baba, na mapenzi kwa mama yaliyokandamizwa, yaani yaliyosukumwa nje ya fahamu, yaligeuka kuwa wasiwasi. Hofu ilikwisha baada ya miezi michache. Hans alipomtembelea Freud mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 19, alikuwa mzima na hakukumbuka lolote.

Mwaka 1926, akikaribia umri wa miaka 70, Freud alimrudia Hans na kuipindua nadharia yake juu chini. Otto Rank, mwanafunzi wake wa karibu, alikuwa amedai miaka miwili kabla kwamba wasiwasi wote ni mwangwi wa mshtuko wa kuzaliwa, na Freud, katika kumjibu, alilazimika kuyapitia upya mawazo yake. Sasa alisema kwamba ukandamizaji hauzai wasiwasi. Wasiwasi ndio unaozaa ukandamizaji. Ego, ile sehemu ya nafsi inayopatanisha matakwa na uhalisia, hunusa hatari inayokaribia, hutoa wasiwasi kidogo kama ishara, na kwa ishara hiyo hujikinga. Hatari zenyewe hubadilika kadiri mtu anavyokua: kumpoteza anayemlea, kupoteza upendo wake, kuadhibiwa mwili, na hatimaye kuhukumiwa na dhamiri yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hilo ndilo wazo bora zaidi alilotuachia kuhusu wasiwasi. Si kila mwanzilishi wa madhehebu hujisahihisha hadharani katika umri ule, na ajabu ni kwamba wengi wa wanaomkebehi bado hubishana na nadharia aliyokwisha kuiacha.

Hata hivyo, kubadili nadharia si kuithibitisha, na hapa wakosoaji wana hoja nzito. Mwaka 1960 Joseph Wolpe na Stanley Rachman, wote wawili wazaliwa wa Afrika Kusini na watetezi wa tiba ya tabia, inayoichukulia hofu kama jambo ambalo mtu amejifunza, waliichukua taarifa ileile ya Hans wakaisoma mstari kwa mstari. Walionyesha kwamba mambo mengi yanayohesabiwa kuwa ushahidi yalitoka kinywani mwa baba, ambaye aliuliza maswali yenye majibu ndani yake na kumsukuma mtoto hadi akakubali. Walionyesha pia kwamba maelezo mepesi zaidi yalikuwa mbele ya macho ya wote: mtoto aliona farasi mkubwa akianguka, akashtuka, na mshtuko huo ukajifunga na farasi. Ukiirudia taarifa yenyewe baada ya kuwasoma, ni vigumu kuwapinga. Lile swali la mtoto kuhusu profesa na Mungu, ambalo wafuasi huliona kama ushahidi kwamba tafsiri iligonga ndipo, linaonyesha vilevile uzito wa mtu mzima mbele ya mtoto wa miaka minne. Mwanafalsafa Karl Popper alikuwa amelalamika kwamba nadharia hii haisemi ni tukio gani lingeweza kuikanusha, na kisa cha Hans kinaonyesha lalamiko hilo kwa vitendo: mtoto akikubali, tafsiri imethibitishwa, akikataa, anapinga ukweli unaomuuma.

Lakini maelezo mepesi nayo yana pengo. Watoto wengi wa Vienna waliona farasi wakianguka, na hatuna sababu ya kuamini kwamba wote walijifungia ndani. Tena kilio cha kumtaka mama kilitangulia maneno yoyote kuhusu kung'atwa. John Bowlby, mwanasaikolojia changanuzi wa London aliyejenga nadharia ya mshikamano kati ya mtoto na mlezi, aliliona hilo alipoirudia taarifa mwaka 1973. Kwake, kiini cha hofu kilikuwa woga wa kuachwa, na katika taarifa yenyewe alipata dalili kwamba mama alikuwa amewahi kumtisha mtoto kwamba ataondoka. Tafsiri ya Bowlby ina faida moja kubwa juu ya ile ya mwaka 1909: inaweza kupimwa kwa kuwaangalia watoto wengine, na yeye na wenzake walifanya hivyo kwa miongo kadhaa. Saikolojia changanuzi inapokubali kutoka chumbani mwake na kuyatazama maisha halisi ya mtoto, huzaa matunda ambayo hata wapinzani huyachuma.

Wakati wanazuoni wakizozana juu ya mtoto mmoja, dunia ya tiba ilikuwa inahamia kwingine. Dawa ya meprobamate iliingia sokoni Marekani mwaka 1955, kisha Librium mwaka 1960 na Valium mwaka 1963, hizi mbili zikitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach. Kidonge kilichotuliza wasiwasi ndani ya saa moja kiliidhoofisha hoja ya miaka ya mazungumzo kuliko makala yoyote ya kifalsafa, ingawa baadaye ilidhihirika kwamba watumiaji wa muda mrefu hupata utegemezi. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitoa toleo la tatu la mwongozo wake wa uainishaji, chini ya uongozi wa Robert Spitzer. Wasiwasi uliokuwa ukiitwa nyurosisi, yaani ugonjwa utokanao na mgogoro wa ndani, ulikatwa vipande: hofu ya ghafla, wasiwasi wa jumla, hofu za vitu mahususi na kadhalika, kila kimoja na orodha yake ya dalili. Wanasaikolojia changanuzi walipigania neno nyurosisi, na baada ya mivutano waliachiwa nafasi ndani ya mabano.

Sioni sababu ya kuulilia sana ushindi huo. Uainishaji wa zamani ulikuwa na kasoro isiyovumilika: madaktari wawili wangeweza kumwona mgonjwa yuleyule na kutoka na majina tofauti ya ugonjwa, na pasipo makubaliano kuhusu anayeugua nini, hakuna dawa wala tiba inayoweza kulinganishwa na nyingine. Orodha za dalili ziliwezesha majaribio yanayotufaa hadi leo. Kilichopotea ni kwamba mwongozo, kwa makusudi, ulinyamaza kuhusu chanzo, na kimya hicho, kilichokusudiwa kuwa cha muda, madaktari wengi walikichukua kuwa jibu. Kwa mwongozo huo Hans angekuwa na hofu ya mnyama, tiki zikawekwa, na kilio cha kumtaka mama kisiwe na mahali pa kuandikwa.

Ajabu ni kwamba maana ilirudi kupitia mlango wa wapinzani. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyesomea saikolojia changanuzi, alianza utafiti akitaka kuthibitisha maoni ya Freud kuhusu huzuni kwa kuchunguza ndoto za wagonjwa. Matokeo yalipomkatalia, alijenga tiba ya utambuzi, ambayo baadaye iliungana na tiba ya tabia. Katika tiba hiyo, mtu mwenye wasiwasi huulizwa ni wazo gani lililompitia kabla moyo haujaanza kudunda, na wazo hilo huwekwa mezani likapimwa. Hilo nalo ni kusoma maana, ila maana iliyo karibu na uso wa fahamu, inayoweza kuandikwa kwenye karatasi na kujaribiwa kabla ya kikao kijacho. Tofauti kati ya pande hizi ni ndogo kuliko kelele zao.

Vipi kuhusu matokeo? Mwaka 2007 Barbara Milrod na wenzake huko New York waliripoti jaribio la watu 49 wenye mashambulizi ya hofu ya ghafla: asilimia 73 ya waliopewa tiba fupi ya vikao 24 iliyotokana na saikolojia changanuzi walipata nafuu, dhidi ya asilimia 39 ya waliofundishwa kuulegeza mwili. Matokeo hayo yanatia moyo, ingawa mshindani aliyechaguliwa hakuwa mkali. Falk Leichsenring na wenzake, nchini Ujerumani, walichagua mshindani wa kweli mwaka 2009: kwa watu 57 wenye wasiwasi wa jumla, tiba fupi ya aina hiyo ililingana na tiba ya utambuzi na tabia katika kipimo kikuu cha wasiwasi, lakini ilizidiwa katika kupunguza mawazo yanayomzunguka mtu kichwani bila kukoma, na pia katika kupunguza huzuni. Haya ni majaribio madogo, nami nisingejenga msikiti wala kanisa juu yake. Yanatosha tu kumnyima mtu haki ya kusema kwamba tiba hiyo haifanyi kazi kabisa.

Wengine hutumaini kwamba ubongo utaamua kesi. Joseph LeDoux, mtafiti wa ubongo wa Marekani, alijulikana sana kwa kuonyesha jinsi amigdala, kiungo kidogo ndani ya ubongo, inavyoitikia tishio kabla fahamu haijapata habari, na wafuasi wa Freud walishangilia kwamba sasa maabara imekiri kuwepo kwa mambo ya nafsi ambayo mwenyewe hayafahamu. Walishangilia mapema mno. Panya wa maabara anayeganda kwa sauti iliyowahi kufuatiwa na mshtuko wa umeme hana mgogoro alioukandamiza, na LeDoux mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 2015, alisisitiza kwamba mitambo ya kugundua tishio si hofu yenyewe ambayo mtu huihisi. Onyo hilo linawahusu pia wanaodhani kwamba picha ya amigdala iliyowaka imekwisha kueleza kwa nini mtu huyu anaogopa jambo hili.

Kwa mtu anayetaabika leo, mpangilio wa busara ni kuanza na tiba fupi iliyopimwa, na dawa pale inapohitajika, kwa sababu mateso hayasubiri nadharia. Swali la maana huwa halikwepeki hofu inapotibiwa ikarudi na sura nyingine: aliyeshinda woga wa safari sasa anashindwa kulala, na aliyelala sasa anapima mapigo ya moyo wake kila saa. Hapo orodha ya dalili huandikwa upya kila mara, na mtu anayesikiliza kwa muda mrefu bila kumlisha mgonjwa maneno anaweza kuona uzi mmoja. Shida ni kwamba uchanganuzi kamili, wa vikao kadhaa kwa wiki kwa miaka, ndio mgumu zaidi kuujaribu, kwani hakuna anayekubali kuwekwa miaka mitano katika kundi la kulinganishia lisilopata tiba. Na kadiri jaribio hilo lisivyofanyika, ndivyo wanaoutoza ada kwa kila kikao wanavyobaki na deni la ushahidi kwa wale wanaoulipia.